Ukindu Juu ya Saruji: Tuliyojifunza Unguja

Akina mama wenzetu, tunaanza na aibu yetu wenyewe. Tulijenga nyumba kwa miaka saba pale Morogoro, kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, kwa posho za zamu za usiku, na kwa kuuza kishamba tulichokuwa nacho. Tulipohamia tukamleta mama kutoka kijijini kwake, bonde la Kilombero, aje kukaa nasi. Tukampa chumba tulichomjengea kwa makusudi: vigae sakafuni, dirisha la alumini, rangi ya mafuta ukutani. Mama alilala humo siku mbili. Siku ya tatu tulipoamka alfajiri tulimkuta barazani, amejitandikia mkeka wake wa ukindu, amejifunika kanga, na mbu wanampigia kinanda.

"Mama, kulikoni?"

"Wanangu, chumba ni kizuri. Lakini ni tanuri lile. Hulala mikate."

Tulicheka, lakini sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tulijua si jambo la kuchekwa. Mzee wa miaka sabini na kitu kulala nje bila chandarua, msimu wa mbu, ni kumpeleka wodini kwa mguu wake mwenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa. Haukupita mwezi alilazwa siku nne kwa malaria. Alipotoka hakulalamika hata neno moja. Aliomba nauli tu, arudi kwake, ambako hakuna mtu wa kumchotea maji.

Akiba tuliyokuwa nayo ilitosha kazi moja. Mmoja wetu, hatutamtaja ila ndiye anayenyoa ndevu, alitaka dari ya jipsamu sebuleni kabla ya kipaimara cha mtoto, maana wageni watatazama juu. Mwingine alitaka zifanyike juhudi kwenye chumba cha mama, lakini alipoulizwa juhudi gani, hakuwa na jibu zaidi ya feni ya pili. Feni ndani ya chumba cha moto huzungusha moto ule ule, na umeme ukikatika hata huo hauzunguki. Basi tulikuwa tumenuniana kidogo, kama ilivyo kwenye ndoa zote zinazojenga nyumba, ndipo habari njema ilipofika: binti wa dada yetu, ambaye ni muuguzi Unguja, amejifungua mtoto wa kiume. Tukamwomba mama atupe wiki moja tu kabla ya kufunga mizigo yake. Alikubali kwa masharti kwamba tumletee karafuu.

Siku hizi safari ni nyepesi. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ilitufikisha Dar asubuhi, na mchana tukawa kwenye boti. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, na joto la Unguja wakati huo ni la kumfanya mtu atubu.

Binti yetu anaishi Michenzani, kwenye yale majengo marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Rais Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ni zege tupu, juu mpaka chini. Tulipanda ngazi mpaka gorofa ya nne tukiwa tumejiandaa kuungua. Ajabu ni kwamba ndani kulikuwa na nafuu. Madirisha yako pande mbili, upepo unaingia huku na kutokea kule. Kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni amening'iniza pazia la mianzi kwa nje, si kwa ndani, kwa hiyo jua linazuiwa kabla halijafika kwenye kioo. Sakafuni hana zulia; ana mikeka miwili mikubwa, na mtoto amelazwa juu yake, anapiga mateke.

Tulimsifu kwa hilo. Zulia hutunza vumbi na vijidudu vya vumbi, na mtoto mwenye kifua akilala karibu nalo atakohoa usiku kucha. Mkeka unaupangusa, unaukung'uta, unauanika juani, umekwisha. Mama zetu walijua haya bila kwenda chuo cha uuguzi.

Kumbe zege si mkosaji peke yake. Huko nyumbani tulikuwa tumezoea kulilaumu zege, na mafundi nao hulilaumu bati. Lakini yule asiyetajwa alisimama kwenye dirisha la Michenzani muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: chumba cha mama dirisha liko upande gani? Liko magharibi. Moja tu, dogo, kwa hofu ya wezi. Ukuta wa tofali la inchi sita unapigwa jua tangu saa nane mchana mpaka magharibi, unalinywa joto lote lile, na mama anapoingia kulala ndipo ukuta unapoanza kulitapika.

Kesho yake tulitembea Mji Mkongwe. Wengi wenu mmeuona katika picha. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni hupiga picha milango ya nakshi mpaka vidole viwaume. Sisi tulikwenda kutazama kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita na zaidi. Dari zake hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vingi vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu tu, ingawa huenda mbali kwa urefu. Mti ndio uliompimia fundi chumba. Vichochoro ni vyembamba, nyumba moja inaitilia nyingine kivuli, na jua halipati nafasi ya kugonga ukuta kutwa nzima. Mle ndani ya kuta kuna vidaka, yaani vishimo vya kuwekea taa, vitabu, chupa ya marashi. Hakuna kabati, hakuna mbao, ni ukuta wenyewe unakushikia vitu. Tulipima kimoja kwa kiganja.

Lakini tusije tukapotoshana kwa kusifu ya kale tu. Pale Forodhani lipo jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Lilichanganya mawe ya matumbawe, boriti, nguzo za chuma na zege, kwa hiyo kuchanganya si jambo la leo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili walikufa. Kitu kizuri kikiachwa bila kutunzwa humwangukia mtu kichwani, kiwe cha kale au cha kisasa.

Pale Mkunazini tuliingia katika Kanisa Kuu la Kianglikana. Mahali hapo ndipo palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa. Tulikaa kimya kwanza, kila mmoja na sala yake. Ndipo tulipoinua macho juu. Hakuna mbao wala boriti. Paa ni kuba moja refu kama nusu ya pipa lililolazwa, la saruji iliyochanganywa na vipande vya matumbawe. Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia. Saruji ililetwa kwa meli, lakini matumbawe yalikuwa pale pale kisiwani. Steere alifariki mwaka 1882, na paa lipo.

Waongozaji wa wageni husimulia kwamba nguzo fulani za kanisani hapo zilisimamishwa kichwa chini, miguu juu, askofu alipokuwa safarini. Mama yeyote aliyewahi kumwacha fundi peke yake siku tatu hatahitaji kuthibitishiwa. Sisi wenyewe tuna swichi ya taa ya choo iliyo nyuma ya mlango wa jiko.

Siku tuliyoipenda kuliko zote ni ile ya Jambiani, pwani ya mashariki. Muuguzi mwenzake binti yetu kwao ni huko, akatuchukua kwenda kumsalimia mama yake. Tulimkuta bibi huyo ufukweni pamoja na wenzake, maji yamekupwa, wanafukua makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa bahari, yakawekewa mawe juu yasichukuliwe na mawimbi, yakakaa huko miezi kadhaa mpaka yaoze na kulainika. Harufu yake, jamani! Tumeshazoea harufu za wodini, lakini hapo tulitafuta ncha ya kanga. Wao walikuwa wanacheka na kupiga soga. Kisha makumbi hupondwa kwa gongo, yakaoshwa, yakaanikwa, zikabaki nyuzi za usumba. Bibi alikaa chini ya mvinje, akachukua nyuzi kidogo, akazisokota kwa viganja, na kamba ikawa inazaliwa mbele ya macho yetu. Tuliomba kuviona viganja vyake. Ni vigumu kama soli ya kiatu.

"Kamba hii inakwenda wapi, bibi?" tulimuuliza.

"Kufungia makuti. Na mahoteli hununua. Wanazungushia nguzo za simenti, ati zipendeze." Akatikisa kichwa. "Nguzo imesimama yenyewe, kamba haina kazi. Wanaifunga bure."

Maneno hayo tulirudi nayo Morogoro, na tunayakumbuka kuliko vyote tulivyoviona. Kamba isiyo na kazi. Tumeona nyumba nyingi siku hizi ambazo mkeka hupigiliwa ukutani kama picha, chungu kikawekwa kona na maua ya plastiki, ikaitwa nyumba ya asili. Hatusemi ni dhambi. Ila bibi yule asingeelewa.

Nyumbani kwake kuna nyumba mbili uani. Moja ni yake ya zamani, ya mawe na chokaa, imeezekwa makuti. Nyingine amejengewa na mwanawe, ya matofali ya saruji na bati. Tulimuuliza analala ipi. Akasema wakati wa masika hulala kwa mwanawe, maana makuti yakichakaa huvuja na yeye hana nguvu za kuezeka kila mara. Wakati wa kaskazi hulala kwake. Alilisema bila kuona ajabu yoyote. Sisi tulikuwa tunabishana kipi bora, na bibi anavyo vyote viwili na kila kimoja anakitumia kwa wakati wake!

Halafu akatuonyesha jeraha. Mwanawe kwa upendo alitaka kuuimarisha ukuta wa ile nyumba ya zamani, akaupiga lipu ya saruji. Miaka miwili haikuisha, lipu ikafura kama lengelenge, ikatoa chumvi nyeupe, ikaanguka na vipande vya ukuta ndani yake. Fundi mmoja mzee wa hapo kijijini alitueleza vizuri. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini, na chokaa huuacha utoke polepole, kama ngozi inavyotoa jasho. Saruji ni ngumu na haina vitundu vya kutosha. Ukiipaka juu ya ukuta wa namna ile umeufunga jasho lake. Maji hayawezi kutoka, hupanda juu zaidi, na chumvi yake hubomoa kwa ndani huku nje ukidhani pamekuwa imara. Basi ukuta wa chokaa uupake chokaa. Akaongeza na jingine kwa wanaojenga pwani: mchanga wa baharini usichanganywe katika zege lenye nondo, kwa sababu chumvi huila nondo, nondo huvimba kwa kutu, na zege hupasuka.

Tuliagana kwa kununua kamba nyingi kuliko mahitaji. Karafuu za mama nazo tulizikumbuka dakika ya mwisho, bandarini.

Kwenye boti ya kurudi dari ya jipsamu haikutajwa tena. Aliyekuwa akiitaka alikuwa amechora chumba cha mama nyuma ya tiketi.

Tulichofanya si kikubwa. Kwanza tulitoboa ukuta wa mashariki na wa magharibi, juu karibu na dari, tukaweka matofali ya matundu, na kwa ndani tukabana wavu wa mbu. Hapa tunasema kama wauguzi: mbu wa malaria hupenda kupita kwenye uwazi uliopo kati ya ukuta na paa, na nyumba nyingi za kijijini hupata hewa na malaria kwa tundu moja. Upepo uingie, mbu abaki nje. Chandarua nacho kikabaki kitandani, hakina mjadala.

Nje, kwenye ukuta ule wa magharibi, tulijenga baraza ya saruji na juu yake kibanda cha makuti kilichofungwa kwa kamba za Jambiani. Jua la jioni sasa linapiga makuti, haliufikii ukuta. Tulikiweka mbali na jiko la mkaa, maana makuti na cheche hawapatani, na tunajua baada ya miaka michache itabidi kuyaezua na kuezeka mapya. Rangi ya mafuta ya nje, iliyokuwa imekwisha kubanduka, tuliikwangua tukapaka chokaa nyeupe.

Kazi iliyobaki ni dari. Tulipomweleza mama kwamba tunafikiria dari ya mikeka, aliacha kuchambua mchele. Alituuliza nani atasuka. Tukasema tutanunua sokoni. Alitutazama kama alivyokuwa akimtazama mwanawe aliporudi shule na daftari lisiloandikwa.

"Mkeka wa sokoni wa kulalia chini ndio mnataka uning'inie juu ya kichwa changu?"

Wiki ile ile alipiga simu kijijini, na ukindu ukaja kwa basi, matita manne. Akina mama watatu wa jumuiya yetu wakawa wanakuja alasiri, na mama akawa mwalimu. Wawili kati yao ni wa umri wetu na hawakuwa wamewahi kushika ukili maishani mwao. Vidole vyetu sisi, vinavyoshika sindano na kutafuta mshipa wa mtoto mchanga bila wasiwasi, vilishindwa kusuka pima moja iliyonyooka. Mama alikuwa anafumua kazi yetu usiku tukilala, asubuhi anasema panya wameifumua. Kulala kwenyewe wakati huo alikuwa analala sebuleni, ndani ya chandarua, na habari ya nauli hatukuisikia tena. Hatukumkumbusha.

Kwa fremu hatukutumia boriti za mikoko. Mikoko ni kinga ya pwani na mazalia ya samaki, na ukataji wake una masharti. Tena kuisafirisha mpaka Morogoro ni gharama ya bure wakati milima ya Uluguru ina mianzi. Tuliiloweka mianzi majini kwanza ili kupunguza wadudu wanaoitoboa, tukaikausha kivulini. Nyaya za umeme fundi alizipitisha zote ndani ya mabomba, na taa tukaihamishia ukutani, kwa sababu ukindu ukishika moto hauulizi. Na kwenye ukuta wa ndani, penye kichwa cha kitanda, tulimwambia fundi atoe tofali moja kwa uangalifu na kupiga lipu lile shimo. Ni kidaka. Mama huweka humo Biblia, miwani, na karafuu zake.

Tuseme na hasara. Dari ya kwanza ilining'inia katikati kama kitambi baada ya wiki mbili, kwa kuwa tulikuwa na haraka ya kipaimara na ukili ulishonwa haujakauka sawasawa. Tukaishusha yote, tukaanza upya. Kipaimara kikafanyika, wageni wakatazama juu sebuleni, wakaona bati. Mmoja aliuliza kama nyumba bado haijaisha. Tulimjibu kuwa bado.

Kuhusu joto, tulikuwa tumetundika kipimajoto ukutani tangu mwanzo. Februari, saa tatu usiku, kilikuwa kinasoma nyuzi 34. Mei kilisoma 27, lakini tusijidanganye, mwezi wa Mei Morogoro hupoa yenyewe. Tulingoja Desemba iliyofuata, siku mbaya kabisa, ya kukausha nguo kwa saa moja. Saa tatu usiku kilisoma 31. Si baridi. Mama alikuwa amelala, chandarua kimefungwa, mlango wazi.

Asubuhi yake tulimkuta ameketi kitandani anatazama juu, tukadhani ameona panya. Alituonyesha kwa kidole kona ya karibu na dirisha, pale waliposhona wanafunzi wake wawili.

"Pale," alisema, "ukili umekwenda upogo. Kabla ya Pasaka uteremshwe."

Tumeshaagiza ukindu mwingine.